Tunayonong'ona Tuyaseme kwa Zamu

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa jumuiya yetu aliacha kuja kusali. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa amehama. Sababu tuliijua sote. Kijana wake, mwimbaji wa kwaya ya kigango, alikuwa amefukuzwa kwenye chumba alichopanga baada ya majirani kuambiana kwamba yeye ni "wale watu". Vyombo vyake vilitupwa nje usiku. Hakuna aliyemkuta na lolote, hakuna aliyemshtaki popote. Yalikuwa maneno tu, yaliyoanzia bombani, yakapita gengeni, yakafika kwenye mazoezi ya kwaya, na hapo ndipo yalipomalizia kazi. Kijana akapanda treni, akaondoka Tabora. Mama akabaki. Kila Jumamosi asubuhi tulipita mbele ya mlango wake tukienda kusali nyumba ya tatu kutoka kwake.

Hatukugonga. Hilo tunalikiri kwanza kabla ya kumlaumu mtu mwingine. Sisi ambao tunachangia misiba ya watu tusiowajua, tulipita mlango ule kwa muda wa karibu miaka miwili.

Tunaandika kudai jambo moja: Jumuiya Ndogondogo zetu zikae na kuzungumza, kwa utaratibu uliopangwa, juu ya haki za kiraia za ndugu zetu wenye mvuto wa mapenzi kwa watu wa jinsia yao. Tunajua wapo watakaofunga kitabu hapa hapa. Tunawaomba wavumilie kidogo, kwa sababu huenda wanatudhania tusichokisema.

Hatudai jumuiya ipige kura juu ya mafundisho ya Kanisa. Ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na Katekisimu imesema wazi juu ya matendo ya jinsia moja. Lakini Katekisimu hiyo hiyo, katika aya inayofuata, namba 2358, inaagiza kwamba watu hawa wapokelewe kwa heshima na huruma, na kwamba kila ubaguzi usio wa haki dhidi yao uepukwe. Tumekuwa hodari wa kusoma aya moja na kufunga kitabu kabla ya kufika ya pili. Ndivyo tulivyofanya na barua ya maaskofu wa Afrika ya tarehe 11 Januari 2024, iliyotiwa saini na Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa. Kila kijiwe kilisikia kwamba maaskofu wamekataa baraka kwa wenzi wa jinsia moja. Lakini ni wangapi kati yetu waliosikia kwamba barua hiyo hiyo ilikumbusha kuwa watu wenye mwelekeo huo wanapaswa kutendewa kwa heshima na utu? Kauli ya kwanza ilifika sokoni siku ile ile. Ya pili bado inasafiri kwa miguu.

Basi tukisema haki za kiraia tunamaanisha nini? Tunamaanisha mtu asipigwe. Asitupiwe vyombo nje kwa uvumi. Akiugua, atibiwe bila muuguzi kuita wenzake waje kumtazama. Akiumizwa, aweze kwenda polisi kama mlalamikaji bila hofu kwamba yeye ndiye atakayelala rumande. Hayo si mageni. Katiba yetu inasema katika ibara ya 12 kwamba kila mtu anastahili heshima na kuthaminiwa utu wake, katika ibara ya 13 kwamba mtu asitendewe kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na kosa, na katika ibara ya 14 kwamba ana haki ya kuishi. Hakuna mstari unaosema "isipokuwa yule anayesemwa bombani".

Wapo wanaotujibu: sheria imeshasema, mnajadili nini? Ni kweli imesema. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoza kifungo kisichopungua miaka 30, na kinaweza kufika maisha, tangu Bunge lilipoongeza ukali mwaka 1998. Lakini sheria hiyo inaadhibu tendo lililothibitishwa mahakamani. Haimpi mwenye nyumba mamlaka ya hakimu, wala haimfanyi mwimba kwaya kuwa shahidi wa jambo ambalo hakuliona. Na hao hao wanaotuambia mambo haya yote yameletwa na Wazungu, tunawaomba watazame kifungu hicho kilikotoka: Kanuni ya Adhabu iliwekwa na Waingereza waliotutawala, mwaka 1930. (Hata neno tunalolitumia kutukana, shoga, wanawake wa pwani wanaitana hivyo kwa upendo hadi leo, rafiki kwa rafiki. Sisi wa bara tulilichukua tukalifanya jiwe.) Marehemu Papa Fransisko, Januari 2023, siku chache kabla ya safari yake ya Kongo na Sudan Kusini, alisema kwamba kuwa na mwelekeo huo si jinai, na kwamba sheria zinazofanya hivyo si za haki. Katika maneno yale yale alikumbusha habari ya dhambi. Yeye aliweza kutofautisha dhambi na jinai. Sisi inatushinda nini?

Wapo pia wanaojua vizuri kwamba mkusanyiko wa watu wenye majina mikononi ni kitu gani. Oktoba 2018 Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kikosi cha kuwasaka watu hawa na akawataka wananchi wampelekee majina. Kwa maelezo yake mwenyewe, ujumbe zaidi ya 5,000 ulimfikia. Tarehe 4 Novemba serikali ilitoa tamko kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi, si msimamo wa nchi. Vizuri. Lakini ujumbe ule ulikuwa umeshatumwa, na waliotuma hawakutoka mwezini. Walikuwa watu wanaokaa kwenye mabenchi, misikitini na makanisani. Tujiulize ni wangapi walituma wakitoka Misa.

Ukanda wetu huu ungepaswa kuwa wa mwisho kuchezea jambo la namna hiyo. Unyamwezini na Usukumani tumezika vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo moshi wa jikoni ulikuwa umeyafanya hivyo kwa miaka 50. Tumeona ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa. Kila mara ilianza kwa mnong'ono, na kila mara watu wa sala walikuwepo karibu, wamenyamaza. Viongozi wa dini walipoanza kusema juu ya mauaji ya vikongwe hawakusubiri kwanza wote tukubaliane kama uchawi upo au haupo. Walisema mtu asiuawe. Ndicho tunachokiomba hapa.

Na kuna jambo la afya, ambalo halisubiri tumalize mabishano. Februari 2017 Wizara ya Afya ilisimamisha huduma katika vituo 40 vilivyokuwa vikitoa ushauri na huduma za VVU kwa makundi yaliyo kwenye hatari kubwa, wakiwemo wanaume hawa. Vituo hivyo vilitajwa kuwa vinaeneza ushoga. Hatutaki kurudia malumbano ya wakati ule. Tunasema tu kwamba mtu anayeogopa kutambuliwa haendi kupima, na wengi wa wanaume hao wana wake nyumbani. Wake hao wamo WAWATA. Wanapika kwenye sherehe za parokia.

Sasa hoja iliyo ngumu kuliko zote: kuzungumza ni kukubali. Tukilitaja jambo hili jumuiyani, wanasema, tutakuwa tumelihalalisha, na watoto watasikia. Watoto wamekwisha kusikia, wana simu. Na sisi wenyewe tunalizungumza kila siku, isipokuwa tunalizungumza vibaya: bila aliyehusika kuwepo, bila mtu kuulizwa umejuaje, bila yeyote kuwajibika kwa alichosema. Swali si kama tuzungumze. Swali ni kama mazungumzo yetu yawe na utaratibu au yaendelee kuwa umbea.

Sisi wa Tabora hatuna udhuru wa kusema hatujui kuzungumza na tusiyefanana naye. Mji huu umezaliwa njiani. Misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipumzika hapa, na kambi moja ililaza Mnyamwezi, Mzaramo, Mmanyema na Mwarabu. Ukizuka ugomvi juu ya posho, mzigo au mgonjwa aliyeshindwa kutembea, watu walikaa shauri, kwa sababu kesho yake ilikuwa lazima watembee pamoja tena. Kwenye njia hiyo ndipo utani wetu na Wazaramo ulipopata nguvu. Wageni huona utani ni matusi tu, na hapo ndipo wanapokosea. Utani una kanuni: nani anaweza kumwambia nani, wakati gani, kwa kiasi gani. Na nyuma ya maneno makali kuna wajibu, kwa kuwa mtani anayekutania leo ndiye atakayehangaika msibani kwako kesho. Mnong'ono unachukua ukali wa utani na kuuacha wajibu.

Hatuipambi njia ile. Juu ya udongo huo huo walipita watu wakiwa kwenye minyororo, na Kwihara, dakika chache kutoka mjini, iko kwenye orodha ya vituo vya njia ya watumwa na pembe ambavyo Tanzania ilivipendekeza UNESCO mwaka 2006. Wakati ule mtu aliitwa mali, na desturi na sheria nyingi zilikubali. Wamisionari wa Afrika walipokuwa wakiwapokea Kipalapala watoto waliokombolewa, miaka ya 1880, hawakuambiwa na mtu kwamba sheria imeshasema, basi nyamazeni. Adrian Atiman, mtoto aliyetekwa Afrika Magharibi akakombolewa, akasoma uganga Malta, alikuja na msafara hadi Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu wa Ziwa Tanganyika hadi kifo chake mwaka 1956. Hatusemi utumwa na jambo hili ni kitu kimoja. Tunasema Kanisa la ukanda huu halikuzaliwa likiwa limekaa kimya mbele ya jina ambalo jamii imempa mtu.

Utaratibu wenyewe tunao. Karibu kila jumuiya inazijua Hatua Saba za kushirikishana Neno, zilizotufikia kutoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyotugusa, kukaa kimya, kushirikishana, kuamua la kufanya, kusali. Tunazikariri kama tasbihi, kisha tunaruka ya sita. Katika Sinodi iliyofunguliwa Roma tarehe 4 Oktoba 2023, maaskofu na walei walikaa kwenye meza za duara na kutumia njia inayoitwa mazungumzo katika Roho. Sisi wa Tabora tuliifuatilia kwa shauku, maana siku nne kabla yake Askofu Mkuu wetu Mwandamizi, Protase Rugambwa, alikuwa amefanywa Kardinali. Kila mmoja alisema kwa zamu bila kukatizwa, kisha kimya, kisha kila mmoja akasema kilichomgusa katika maneno ya wengine, si kurudia ya kwake, kisha kimya tena, ndipo wakatafuta pamoja la kufanya. Mtu wa Hatua Saba akiona hayo anasema, mbona haya ni yetu.

Njia hiyo si uganga, tusidanganyane. Hati ya kufanyia kazi ya Juni 2023 iliwataja watu hawa kwa jina. Ripoti ya Oktoba haikuwataja hivyo, iligusa tu maswali ya utambulisho wa jinsia na mwelekeo. Sisi tuliona huo ni woga. Ndugu zetu Waanglikana nao wana somo. Mkutano wao wa Lambeth wa 1998 ulishikilia fundisho la ndoa na hapo hapo ukaahidi kuwasikiliza watu wenyewe. Februari 2007 maaskofu wakuu wao walikutana Dar es Salaam, karibu na mwisho wa njia yetu hii kule pwani, na saba kati yao wakakataa kushiriki Ekaristi pamoja na wenzao. Mwaka uliofuata Lambeth iliendeshwa kwa vikundi vilivyoitwa Indaba, neno la Kizulu ambalo sisi tungesema shauri. Maaskofu zaidi ya 200, wengi wao wa Afrika, hawakwenda. Njia ilikuwa ya Kiafrika, na viti vya Waafrika vilikuwa wazi.

Sisi tulijaribu mara mbili. Ya kwanza ilikuwa aibu. Mwenyekiti alisema tu, "Leo tuongee juu ya ushoga," na akakaa. Mzee mmoja akahubiri dakika arobaini. Vijana wakacheka. Mtu akauliza, "Kwani hapa mtaani ni nani na nani?" na mwenyekiti akakimbilia Baba Yetu tukatawanyika. Kosa letu lilikuwa kwenye swali. Ukiuliza "hii ni dhambi au si dhambi," umefungua mashindano ya kukariri, na atakayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Mara ya pili tuliandika swali mapema, tukamwonyesha katekista: Mtu akipigwa au akifukuzwa mtaani kwetu kwa uvumi wa namna hii, jumuiya inatakiwa kufanya nini? Tulikaa watu kumi na saba kwenye mkeka, watoto wakiwa wamepelekwa kwa jirani. Dakika tatu kila mtu, na msimamizi ana saa. Hakuna kujibu. Hakuna kutaja jina la mtu yeyote, awepo au asiwepo. Simu zote kwenye kikapu. Na kanuni iliyo nzito kuliko zote: hakuna kumwuliza mtu habari zake mwenyewe, na mtu asishawishiwe kujieleza hata kama anataka. Wapo wanaharakati watakaotulaumu kwa hili. Wanasema mazungumzo bila wahusika wenyewe si mazungumzo. Tunawaelewa. Lakini wao wana ndege ya kurudi. Mahali ambapo adhabu ni miaka 30, kumwita mtu ajitaje mbele ya majirani kumi na saba ni kumweka mkononi mwa yule atakayegombana naye mwaka kesho. Anayetaka kusikilizwa yuko padre, na liko sakramenti.

Tuseme ukweli, hakuna aliyegeuka. Mzee yule wa dakika arobaini alisema katika dakika zake tatu kwamba chumba chake hatampangisha mtu wa namna hiyo, na bado anasema hivyo. Ila katika duru ya pili, alipotakiwa kusema alichosikia kwa mwingine, alisema hakuwa anajua kwamba waliotupa vyombo vya yule kijana nje ni watu tunaosali nao. Mwimbaji mmoja alitumia dakika zake zote tatu akiwa kimya, na msimamizi akamwacha, kama kanuni ilivyotaka. Bibi mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi zaidi ya kuanzisha rozari, alisema sentensi moja: "Mimi ninajua watu wakikusanyika mlangoni usiku inakuwaje." Hatukumwuliza. Wenye umri kati yetu hawakuhitaji kuuliza.

Ndivyo Kanisa lilivyofanya tangu mwanzo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 15 kulikuwa na ubishi mkali Yerusalemu juu ya watu wa mataifa, ambao wengi waliwaona najisi. Petro alisema alichoshuhudia. Mkutano ukanyamaza, Barnaba na Paulo wakasimulia yao, na Yakobo akasema mwishoni baada ya kuwasikia wote. Hatusemi wale na hawa ni habari moja. Tunatazama jinsi walivyokaa. Angepewa Yakobo dakika arobaini za kwanza, tusingekuwepo.

Wanaotuambia jumuiya zetu ni changa mno kwa mazungumzo haya, tunawaambia jumuiya zizo hizo ndizo zilizojifunza kuosha na kulisha wagonjwa wa UKIMWI wakati ndugu wa damu walipokuwa wakiwasukumia chakula kwa mti. Hazikuzaliwa zikijua. Paroko mwenye wasiwasi aje akae kwenye mkeka, asikilize kwa zamu yake kama wengine. Halmashauri ya walei ichague wasimamizi wawili watatu kila kigango na kuwafundisha kushika saa na kunyamazisha wazee kwa adabu, kazi ambayo si ndogo hapa kwetu. Na anayekuja kutoka mbali na semina na posho ya kikao, tunamshukuru, ila asituandikie maswali.

Siku ile, kwenye hatua ya sita, tuliamua watu wawili waende kwa yule mama. Walikwenda Jumanne, mmoja akiwa yule mwimbaji. Hawakukaribishwa ndani. Walisimama uani, wakasema wametumwa na jumuiya kuomba radhi, na mama akawaambia ana nguo za kuanua. Walirudi wiki iliyofuata. Safari ya tatu aliwapa viti. Jumuiya haijasali kwake bado, na hatujamwomba. Kijana hupiga simu Jumapili jioni.